Kuchapa kwa Skrini: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku Karakanani

Karakana yetu iko Dar es Salaam, na kazi yetu kubwa ni fulana: za harusi, za misiba, za vikoba, za timu za mtaani, na ukifika mwaka wa uchaguzi, za kampeni. Wateja wengi huingia na swali moja tu, bei. Wakishakaa kwenye benchi wakaona kazi inavyofanyika, ndipo maswali mengine yanapoanza. Haya ndiyo yanayorudi zaidi.

Kuchapa kwa skrini ni nini hasa?

Anza na gunia la kahawa. Yale maandishi meusi juu yake yamepigwa kwa stensili, yaani bati au karatasi ngumu iliyokatwa matundu ya herufi. Mtu amepaka rangi juu yake, rangi ikapita palipo wazi. Sasa zitazame herufi zenyewe. O imekatika sehemu mbili, A na B vilevile. Si urembo. Ukikata O kamili kwenye bati, kile kipande cha katikati hakina kinachokishika, kitaanguka. Lazima uache vijidaraja.

Skrini ni stensili iliyopata wa kuishika. Imegandishwa kwenye wavu mwembamba mno, uliowambwa juu ya fremu kama ngozi ya ngoma. Kitovu cha O hakiendi popote, nyuzi za wavu zimekidaka pande zote, na wino unapenya katikati ya nyuzi hizo. Ndiyo maana kwa skrini unaweza kuchapa herufi nzima, nukta iliyo peke yake, au mstari mwembamba kama uzi wa kushonea.

Kuchapa kwenyewe ni kufupi. Fremu inalazwa juu ya fulana, wino unawekwa upande mmoja, kisha unavutwa kwa skwiji, ile raba yenye mpini wa mbao. Raba inausukuma wino upite palipo wazi na kuukomba unaobaki. Inua fremu, mchoro upo. Rangi ya pili inataka fremu ya pili.

Kwa nini wengine wanaiita silki?

Kwa sababu wavu wa zamani ulikuwa wa hariri. Kupitisha rangi kwenye stensili ni ufundi wa kale sana huko Uchina na Japani. Wajapani walikata michoro kwenye karatasi ngumu na sehemu zilizo nyembamba wakazishikilia kwa nyuzi za hariri. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, akapata hataza ya kuchapa kwa kutumia hariri iliyowambwa. Siku hizi wavu wetu ni wa poliesta, ambayo ni rahisi kununua na hailegei ovyo ikilowa. Jina la silki limebaki midomoni mwa mafundi wazee.

Fremu inatengenezwaje?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mteja akiona raba inavutwa anadhani ameona uchapaji, kumbe kazi ilishaharibika au kutengenea jana yake.

Fremu ni ya alumini au ya mbao. Ya mbao ni rahisi na fundi seremala yeyote anakutengenezea, lakini kila siku inaloweshwa na kukaushwa, mwisho inapinda, na fremu iliyopinda hailali sawa juu ya fulana. Wavu ukishawambwa unaoshwa kwa sabuni kutoa mafuta. Ukiugusa kwa vidole ulivyolia chapati, pale pale ulipogusa dawa haitashika.

Dawa ndilo jina tunaloliita lile tope zito, mara nyingi la kijani, bluu au zambarau, linalopakwa pande zote za wavu kwa chombo chenye ukingo ulionyooka. Inapakwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu wa njano, kisha fremu inakaushwa gizani. Sifa ya dawa hii ni moja: ikipigwa na mwanga mkali wa urujuanimno inakuwa ngumu na maji hayaiwezi. Isipopigwa na mwanga, inayeyuka na maji.

Mchoro wako basi unachapwa mweusi tii kwenye filamu angavu. Wapo wanaotumia karatasi ya kawaida iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga, na kwa maandishi makubwa inafanya kazi, ingawa sikushauri uitegemee. Filamu inabanwa juu ya fremu kwa kioo, kisha inapigwa mwanga. Mwenye taa maalumu anatumia taa. Asiye nayo ana jua la Dar es Salaam, ambalo halina bili. Zipo dawa zinazokomaa kwa nusu dakika juani, zipo zinazotaka dakika kadhaa, na wingu moja likipita hesabu yako yote imeharibika.

Ukimaliza, unanyunyizia maji. Palipokuwa chini ya weusi wa filamu, dawa haikuona mwanga, kwa hiyo inatoka na wavu unabaki wazi. Kwingine kote pameziba. Dakika hiyo, mchoro unapojitokeza kwenye maji yanayotiririka, mimi sijaichoka mpaka leo.

Mwanga ukiwa kidogo, dawa yote inabanduka na unaanza upya. Ukizidi, unapenya pembeni mwa weusi na mistari myembamba inakataa kufunguka. Tiba ni kupima: chukua fremu moja, ifunike kwa kadibodi, uwe unaifungua kipande kwa kipande kila baada ya sekunde kadhaa, kisha uioshe uone ni kipande kipi kimetoka vizuri. Nusu saa ya kupima inakuokoa wiki nzima ya kulaumu dawa.

Ule wavu una namba. Zina maana gani?

Ni hesabu ya nyuzi kwa sentimita. Namba 43 ina nyuzi 43 katika kila sentimita, matundu yake ni makubwa na wino unapita mwingi. Ndio wavu wa fulana za kawaida na maandishi manene. Namba 77 ni ya michoro yenye mistari midogo. Kuanzia 120 unaingia kwenye kadi, stika na plastiki, ambako ukimwaga wino mwingi unatapakaa. Wanaohesabu kwa inchi wataiita ile 43 kuwa 110, kwa hiyo dukani uliza kwanza wanahesabu kwa kipi.

Mnatumia wino gani?

Wa aina mbili hasa. Plastisoli ni chembe za plastiki, PVC, zilizochanganywa na kilainishi. Haikauki ikiwa wazi kwenye fremu, hivyo unaweza kwenda kula ukarudi ukaikuta vilevile, na inafunika vizuri hata juu ya fulana nyeusi. Ukiipapasa unaisikia juu ya nguo.

Wino wa maji unazama ndani ya nyuzi za pamba. Nguo inabaki laini na inapumua, jambo ambalo kwa joto letu si dogo. Ubaya wake ni kwamba unakauka ndani ya matundu ya wavu ukizubaa, hasa mchana wa Januari, na aina nyingi hazionekani vizuri juu ya kitambaa cheusi. Kwa fulana nyeusi tunatanguliza tabaka la wino mweupe, tunalikausha kidogo kwa joto la haraka, ndipo rangi nyingine zinakuja juu yake. Ule mweupe unahesabika kama rangi. Mteja anayesema "nembo yangu ina rangi mbili tu" na fulana yake ni nyeusi, kwetu ana rangi tatu.

Mbona fulana nilizochapisha mahali fulani zilibanduka nilipofua mara ya kwanza?

Karibu kila mara ni joto. Plastisoli haikauki kwa upepo wala kwa jua, lazima iive. Tabaka zima la wino, kuanzia juu mpaka pale linapogusa kitambaa, linatakiwa lifike kama nyuzijoto 160 za Selsiasi. Juu panaweza kushikika pakavu kabisa na chini bado ni uji.

Ninajua kwa sababu yalinipata. Mwaka wangu wa pili nilichapa fulana 60 za kwaya, maandishi meupe makubwa mgongoni, na haraka ya Jumamosi jioni nikazipiga pasi ya nyumbani badala ya kungoja zamu ya mashine. Zilipendeza kanisani. Jumatatu zilifuliwa, na Jumanne mwalimu wa kwaya alikuwa mlangoni na fulana yenye nusu ya jina. Nilizirudia zote kwa hela yangu.

Sasa kila kazi tunaijaribu. Vuta kitambaa palipochapwa: wino ulioiva unanyooka na kurudi, ambao haujaiva unapasuka nyufa. Halafu fulana moja inafuliwa kwelikweli kabla nyingine hazijaondoka. Na wewe, ukifika nayo nyumbani, igeuze ndani nje unapofua, wala usipige pasi juu ya mchoro.

Kwa nini mnatoza kwa kila rangi?

Kila rangi ina filamu yake, fremu yake na kulinganishwa kwake. Chukua hesabu ya mfano, si bei yetu: tuseme kutayarisha fremu moja ni shilingi 30,000. Nembo ya rangi tatu inakuwa 90,000 kabla tone la wino halijatoka kwenye kopo. Kwa fulana 10, kila fulana imebeba 9,000 ya fremu peke yake. Kwa fulana 300, kila moja imebeba shilingi 300.

Ndiyo maana anayetaka fulana mbili tunampeleka kwa jirani mwenye mashine nyingine, na anayetaka 300 tunamvutia kiti.

Picha ya mtu inawezekana? Rangi za picha hazihesabiki.

Inawezekana, kwa kulidanganya jicho. Skrini haijui kijivu: wino umepita au haujapita. Kwa hiyo picha inavunjwa kuwa nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga, na jicho lako ukiwa hatua mbili mbali linaziunganisha. Liangalie bango la barabarani kwa karibu utaziona. Kwa picha ya rangi, nukta hizo zinagawanywa katika rangi nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, kila moja kwenye fremu yake na zikiwa zimeelekezwa pembe tofauti. Zikikaribiana pembe zinazaa mawimbi ya ajabu kwenye picha.

Kwa fulana za msiba mara nyingi tunashauri picha ya rangi moja, nyeusi juu ya nyeupe. Inatoka na heshima yake, na familia haitumii hela isiyo ya lazima wakati huo.

Ombi moja: usitutumie picha kwa WhatsApp kama picha, maana inabanwa na kupunguzwa. Itume kama dokumenti. Na nembo usiipige picha kwenye barua. Mtafute aliyeichora akupe faili lenyewe.

Kuna hii DTF, kila mtu Kariakoo anayo. Bado mna kazi?

Tunayo, na nitasema ukweli kuhusu pande zote. DTF inachapa mchoro kwenye filamu, inanyunyiziwa unga wa gundi, kisha inabanwa kwenye nguo kwa hitipresi, yaani mashine ya kubana kwa joto. Haiulizi idadi ya rangi wala haitaki fremu. Kwa fulana moja ya siku ya kuzaliwa, au timu ambayo kila mchezaji ana jina lake mgongoni, nenda DTF na usipoteze muda kwetu. Sablimesheni, ambayo joto hugeuza wino kuwa mvuke ukaingia kwenye nyuzi, nayo ni nzuri sana kwa jezi, ila inashika poliesta tu, tena nyeupe au ya rangi iliyopauka. Anayekuahidi sablimesheni juu ya pamba nyeusi mwulize mara mbili.

Skrini inashinda kwenye wingi, kwenye rangi maalumu ambayo lazima ilingane na ya kampuni, na kwenye hali ya nguo mwilini. Mchoro mkubwa wa DTF kifuani ni kipande cha plastiki. Ukitembea nao Kariakoo saa saba mchana utanikumbuka.

Mnaweza kumaliza leo?

Swali si fulana ngapi, ni kama fremu ipo. Fremu ikiwa tayari, watu wawili wenye mazoea wanachapa mamia ya fulana za rangi moja kwa siku, na mashine za kujiendesha za viwandani hufikisha mamia kwa saa. Fremu isipokuwepo, hata fulana tano zinangoja dawa ikauke.

Wamarekani wanalijua hili vizuri. Kwa Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wao wa Kimarekani, huwa wanachapa fulana za ubingwa za timu zote mbili mapema, ili washindi wavae dakika ile ile mpira unapokwisha. Za walioshindwa haziuzwi. Zimekuwa zikipelekwa nje kama msaada, na Zambia ni moja ya nchi zilizozipokea. Kwa hiyo yupo mtu anayelima mahindi akiwa amevaa ubingwa ambao haukutokea.

Kanga na vitenge navyo ni skrini?

Vinavyotoka viwandani siku hizi, vingi ni skrini, ila si fremu ya kuinua kwa mkono. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilionyesha mashine ya skrini za mviringo: wavu ni silinda nyembamba ya nikeli yenye vitundu, wino unapigwa pampu ndani yake, raba imekaa humo humo, na kitambaa kinapita chini bila kusimama. Kila rangi na silinda yake.

Kitenge kinaipenda mashine hii, kwa sababu mchoro wake unajirudia. Mzingo wa silinda uliozoeleka ni sentimita 64, kwa hiyo kila sentimita 64 ua lile lile linarudi. Chukua kitenge chako na futi ya fundi upime.

Kanga ni kichwa ngumu. Pindo lake linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina liko mahali pamoja tu. Mchoro haurudi mpaka kanga nzima iishe, kama mita moja na nusu. Silinda ya sentimita 64 haimalizi hata nusu yake. Inabidi iwe silinda kubwa zaidi, au skrini bapa yenye ukubwa wa kanga yenyewe. Ila kanga ina faida yake: jina likiwekwa kwenye skrini ya peke yake, linaweza kubadilishwa na pindo na mji vikabaki. Ukikutana na kanga mbili za mchoro mmoja, moja inasifu na nyingine inasuta, usishangae.

Kitenge cha waksi halisi ni habari nyingine; pale nta ndiyo inayozuia rangi isiingie. Kigeuze: waksi halisi imekolea pande zote mbili, iliyochapwa kwa skrini kwa kawaida imepauka nyuma.

Mbali na nguo, skrini inatumika wapi?

Pengi kuliko watu wanavyofikiri, na hili ndilo swali ninalolipenda. Mwagie macho paneli ya sola iliyo juu ya paa la jirani. Ile mistari myembamba ya fedha kwenye kila seli, inayokusanya umeme, ni wino wa madini ya fedha uliochapwa kwa skrini. Kijiti cha kupimia sukari kwenye damu nacho: njia za umeme ndani yake mara nyingi ni wino wa kaboni uliopita kwenye wavu. Ule ukanda mweusi unaozunguka kioo cha mbele cha gari ni wino wa kauri uliochomwa pamoja na kioo. Ongeza saketi za umeme, chupa za soda zenye maandishi yasiyofutika, vibao vya barabarani na vizibao vya bodaboda vinavyong'aa usiku.

Sababu ni ile ile: skrini inaweka tabaka nene la wino, na "wino" unaweza kuwa kitu chochote kinachopita kwenye tundu. Fedha, kioo cha unga, gundi. Hata wasanii waliingia: Andy Warhol, mchoraji wa Marekani, alianza kuitumia mwaka 1962, na nyuso zake za mwigizaji Marilyn Monroe ni skrini, na rangi zake zilizopishana kidogo alizifurahia. Kwetu rangi zikipishana mteja anarudisha mzigo.

Kingo za maandishi yangu zinatoka na ukungu. Nakosea wapi?

Hili linatoka kwa wanaoanza. Kabla hujalaumu wino, tazama kama fremu yako imeigandamiza fulana moja kwa moja. Inatakiwa ining'inie milimita mbili au tatu juu yake. Bandika sarafu kwenye pembe. Raba ikipita, wavu unagusa pale tu ilipo raba, kisha unaruka kurudi. Wavu uliolegea hauruki, unabaki umeng'ang'ania wino na kuutapanya. Pia raba ya skwiji ikiviringika ukingo, inolewe au ibadilishwe.

Kemikali zake ni salama?

Kwa mvaaji, wino ulioiva kwa kawaida hauna shida, ila kwa nguo za watoto wachanga sisi tunatumia wa maji. Kwa fundi, hatari kubwa ni dawa za kujichanganyia zenye baikromati, zile chembe za rangi ya chungwa. Ni rahisi, zinapatikana, na zinasababisha saratani na vidonda vya ngozi. Zipo dawa za diazo zinazofanya kazi hiyo hiyo. Kama kwako bado ni baikromati, vaa glavu, usile humo ndani, na maji yake yasiende mtaroni. Na thina ifunguliwe penye madirisha wazi.

Naweza kuleta fulana zangu mwenyewe?

Karibu. Zifuliwe kwanza kama ni za mtumba, kwa sababu wino haushiki juu ya sabuni ya mafuta wala manukato. Ziwe za kitambaa kimoja. Poliesta nyekundu ikipashwa joto inaweza kupenyeza wekundu wake juu ya wino mweupe, ukajikuta na maandishi ya waridi. Ongeza mbili au tatu juu ya idadi unayotaka, ya kujaribia. Na kabla hatujapiga fremu mwanga tutakupa karatasi yenye maneno yako: yasome kwa sauti, herufi kwa herufi, hasa majina ya maharusi, kisha weka sahihi.